Kaskazi Hulindwa Mbegu: Tuliyojifunza Kwenye Mashamba ya Mwani

Anayeanza kilimo cha mwani mwezi wa Julai huiona kazi nyepesi. Bahari imepoa, mwani unanenepa, na kila bamvu, yaani siku ambazo maji hutoka mbali zaidi, anarudi pwani na mzigo. Ikifika Januari, shamba ni lile lile, kamba ni zile zile, lakini matawi yamepiga weupe na yanakatika mkononi. Bamvu linalofuata anakuta kamba tupu. Hapo wengi huacha kabisa. Wengine hawaachi, ila hufanya jambo lenye hasara kubwa zaidi: hufunga mbegu, yaani vipande vya mwani hai, upya pale pale, zinakufa, wanafunga tena, zinakufa, mpaka hawana mbegu wala pesa ya kununua kamba.

Ninayoyaandika hapa ndiyo ambayo sisi wa pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje mpaka Jambiani, tumeyajua kwa gharama. Kuna mabamvu mengi ya kamba tupu nyuma ya kila agizo utakalolisoma. Na kama utabaki na moja tu, basi libaki hili: miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, usihesabu kilo za mwani mkavu, hesabu mbegu iliyo hai. Aliyevuka Machi akiwa na kilo 20 za mbegu nzima yuko mbele ya aliyejaza magunia Desemba akabaki mikono mitupu.

Kwanza historia kidogo, maana inaeleza kwa nini tuko hapa tulipo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, baada ya utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbegu zilitoka Ufilipino. Aina ni mbili: mwani mnene, ambao wanunuzi huuita kotonii, na mwani mwembamba, spinosamu. Zote mbili hununuliwa kwa ajili ya karajinani, kitu kinachogandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi. Ute wa mwani mnene huganda ukawa mgumu, wa mwembamba huganda ukawa laini, na bei ya mnene kwa kawaida ni zaidi ya mara mbili ya bei ya mwembamba. Mnene ndio ambao kila mtu angependa kulima. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza kufa sehemu nyingi za Unguja, kwa sababu hauvumilii joto kama mwembamba. Ndiyo maana mashamba mengi ya upande wetu leo ni ya mwembamba, na ndiyo maana anayetaka kurudisha mnene lazima ajue kuhama na maji.

Mahali ndipo kila kitu huanzia. Chagua shamba siku ya bamvu kubwa, usilichague siku ya maji mafu, yaani maji yasipotoka sana. Bamvu huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwenye pwani yetu maji ya bamvu hutoka mpaka mwisho kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha tena usiku saa kama hizo. Jambo hili lizingatie sana. Kila mara maji yanapokuwa machache kabisa juu ya mwani wako, jua nalo limeshapanda. Mahali penye maji ya kifundo cha mguu wakati huo, mwani unachemka mpaka maji yarudi mchana. Tembea mpaka upate mahali ambapo maji yakiwa yametoka kabisa bado yanakufika karibu na goti. Chini ya sentimita 30 usifunge kitu, hata kama pako karibu na nyumbani na panakuokolea mwendo. Wanaoanza huvutwa sana na ukaribu, na kaskazi ya kwanza huwaondoa.

Mchanga uwe mweupe na safi. Ukikanyaga ukaona tope jeusi lenye harufu, endelea mbele. Nyasi za baharini zikiwa chache ni dalili njema, kwa kuwa zinaonyesha maji yanazunguka na chumvi imetulia. Zikiwa nyingi zinaleta kivuli na tasi, samaki walao mwani, hujificha humo. Usizing'oe ili upate nafasi, kwa sababu zikiondoka mchanga huanza kutembea na vijiti vyako vitalegea. Hama wewe.

Chemchemi za maji baridi ndizo zinazowadanganya watu. Pwani yetu ni ya mawe ya matumbawe, na maji ya mvua hupita chini ya ardhi yakaibuka mchangani, wakati mwingine mbali na ufuko. Maji yakiwa yametoka, inama uangalie: pale maji matamu yanapochanganyika na ya chumvi, maji huonekana kama yana mafuta ndani yake, na mkono ukiyagusa unasikia ubaridi. Onja ukiwa na shaka. Mwani haukai hapo hata mwezi.

La mwisho ni mkondo. Funga uzi wa taitai, ule wa kufungia mbegu kwenye kamba, wenye urefu wa mkono kwenye kijiti, ukae nao maji yanapoanza kurudi. Uzi ukinyooka na kutikisika, pana mkondo wa kutosha kuusafisha mwani na kuupoza. Ukining'inia tu, joto litakaa hapo na vumbi la mchanga litaukalia mwani. Ukivutwa kwa nguvu mpaka kijiti kinatetemeka, kusi, upepo wa kusini, itakung'olea shamba zima.

Baada ya haya yote bado usijaze kamba. Chagua sehemu tatu, funga kamba mbili kila sehemu, kisha pima baada ya mabamvu mawili, yaani kama wiki nne. Mbegu ya gramu 100 ifike angalau gramu 300. Ikiwa gramu 200 au chini ya hapo, sehemu hiyo iache. Kamba sita za majaribio ni hasara ndogo ukilinganisha na kamba 100 zilizofungwa kwa kubahatisha.

Vifaa navipita haraka kwa kuwa vinajulikana. Vijiti vya kama sentimita 60 vilivyochongwa ncha, viingie mchangani zaidi ya nusu yake. Usikate mikoko kwa kazi hii. Mikoko ndiyo inayoshika tope lisije shambani. Kamba ya milimita 4, mita 5 kutoka kijiti mpaka kijiti, ielekee upande mkondo unakopita ili mawimbi yasiisukume ubavuni. Ivute mpaka ikaze, ikae sentimita 20 mpaka 30 juu ya mchanga. Kamba iliyolegea huuburuta mwani mchangani, ngozi yake inachubuka, na mwani uliochubuka ndio wa kwanza kuugua. Viatu vya mpira vaa kila siku, maana samaki aitwaye taa hulala mchangani na viumbe wenye miiba wako kila mahali. Maji ya kunywa uyachukue mengi, kichwa ukifunike, na mikono uipake mafuta ya nazi kabla hujaingia. Kuna magugu ya nywele nyeusi yanayowasha ngozi vibaya wakati wa joto. Ukiyaona yamejaa vaa mikono mirefu.

Kwenye mbegu ndiko nataka ukae na mimi kidogo.

Mbegu nzuri hukatwa kwenye ncha za mwani wenye umri wa wiki nne mpaka sita, ulio mgumu ukiukunja, wenye rangi moja, usio na doa jeupe hata moja. Kata kwa kisu kikali. Ukikata kwa kucha unaponda, na pale palipopondwa ndipo pataanza kuoza. Kila fungu liwe kama gramu 100, yaani linajaa kiganja bila kubanwa. Watu hupima kwa macho, lakini siku za mwanzo tumia mizani ya jikoni mpaka mkono uzoee, kwa sababu macho huanza kudanganya kazi inapochosha: fungu la kwanza linakuwa gramu 100, la mwisho gramu 40.

Mbegu iliyokatwa isikae juani. Ifunike kwa gunia au kanga iliyolowa maji ya bahari, kivulini, na ifungwe siku hiyo hiyo. Usiimwagie maji ya bomba kwa nia ya kuipoza, utaiua. Usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa, itajichemsha yenyewe. Mtu akikuletea mbegu kutoka kijiji kingine kwa gari, ifungue kwanza, uinuse. Iliyokufa haifichi harufu, na ute wake unavutika vidoleni. Hiyo usiifunge eti kwa kuwa umeshailipia.

Fundo la taitai liwe kitanzi kinachoushika mwani bila kuubana, kiasi cha kupitisha kidole kidogo. Wengi hukaza kwa kuogopa mawimbi. Mwani unanenepa, kitanzi hakitanuki, na baada ya wiki tatu unaukuta umejikata wenyewe shingoni. Acha sentimita 20 kati ya fungu na fungu, na kamba ya mita 5 itabeba mafungu kama 24.

Hesabu hii iweke kichwani, itakusaidia kujua wakati bahari inakupa na wakati inakunyima. Kamba moja ni mbegu ya kilo 2.4. Msimu mzuri, ndani ya mabamvu matatu, yaani wiki sita, kila gramu 100 hufika gramu 500 mpaka 800. Tuseme 500. Kamba inakupa kilo 12. Ondoa kilo 2.4 za kurudisha mbegu, zinabaki 9.6. Mwani mwembamba hupoteza maji mengi, kilo 8 mbichi hutoa kilo 1 kavu, kwa hiyo kamba imekupa kilo 1 na robo hivi. Ikiwa gramu 100 imefika gramu 200 tu, kamba ina kilo 4.8, ukiondoa mbegu unabaki na kilo 2.4, na ukikausha unapata gramu 300. Kwa gramu 300 hulipwi hata jasho la kwenda na kurudi. Kipindi kama hicho usikaushe. Rudisha vyote baharini kama mbegu, mahali pengine.

Sasa kaskazi. Kuanzia Desemba mpaka Machi upepo unatoka kaskazini, bahari inatulia, na utulivu huo ndio taabu yenyewe: maji hayachanganyiki, jua linapiga mpaka chini. Mwani unastawi kwenye joto la nyuzi 25 mpaka 30. Nunua kipimajoto cha maji, ukitie kwenye kamba saa tano ya bamvu. Nyuzi 33 siku mbili mfululizo ni alama ya kuanza kuhamisha mbegu, hata kama mwani bado una rangi nzuri. Ukisubiri uone weupe umechelewa.

Weupe huu, ambao wataalamu huuita aisi-aisi, huanza kwa mwani kuchoka. Joto, maji ya mvua, mwanga mkali au mkondo uliokufa huufanya udhoofike, kisha vijidudu vilivyomo majini siku zote hupata mlango. Ndiyo sababu hakuna dawa ya kumwagia. Kinachouponya mwani ni kuondolewa pale panapouchosha.

Lakini si kila kamba tupu imetokana na weupe, na hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bure. Mtu anakuta mwani umekatika, anasema ni joto, anauhamishia mbali, kumbe aliyekula ni samaki, naye yuko huko huko alikohamia. Kabla hujaamua lolote, fungua tawi lililobaki, lishike mbele ya macho, usome ncha zake.

Ncha zikiwa zimekatwa fupi zote karibu urefu mmoja, na nyama ya ndani ina rangi nzima, huyo ni tasi mdogo. Tasi wakubwa na wengine huchuna ngozi, ukaona tawi limekuwa laini upande mmoja, vijiiba vyake vimelambwa. Samaki hula zaidi kamba chache zilizo peke yake karibu na nyasi au mawe. Dawa ni kusogea kwenye mchanga mtupu, kufunga kamba nyingi kwa siku moja ili maumivu yagawanyike, na kutumia mbegu kubwa kidogo, gramu 150, kwa kuwa ndogo huliwa yote kabla haijachipua.

Fungu zima likiwa halipo, kitanzi kipo, na kisiki kilichobaki kina rangi nzuri na mkato mmoja, hayo ni mawimbi. Utayaona zaidi Juni na Julai kusi inapokolea. Maana yake mwani umeachwa ukawa mzito kupita kiasi, au kamba imelegea inapigapiga. Vuna mapema kwa bamvu moja na ukaze kamba.

Weupe ukiwa shingoni tu, pale taitai lilipopita, kosa ni la fundo.

Ukiona vipele vidogo vyeusi juu ya ngozi, na kila kipele kinaota unywele, hayo ni magugu yanayoota juu ya mwani. Ukiyang'oa, kidonda kinabaki. Vuna mwani huo wote ukaushe, hata kama haujafika wiki sita, wala usichukue mbegu humo, kwa sababu vipele vinakwenda na mbegu mpaka shamba jipya.

Na weupe wenyewe wa ugonjwa una sura yake: pingili nyeupe katikati ya tawi, laini ukiibonyeza, huku ncha iliyo mbele yake bado ina rangi na uhai. Tikisa tawi kidogo, litakatika pale penye weupe. Ile ncha hai ndiyo ya kukimbilia, maana kesho maji yataichukua. Kata sentimita tano mbele ya weupe, upande wa ncha, weka ncha hizo kwenye ndoo ya maji ya bahari yanayobadilishwa kila mara, na siku hiyo hiyo zipeleke kwenye maji yenye kina. Zilizokwisha kuwa nyeupe zitoe baharini, usiziache zikielea kati ya kamba.

Mpango wa kuvuka kaskazi unaanza mapema, bamvu la kwanza la Novemba, wakati mwani bado una afya. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa moyo, kwa sababu Novemba shamba linapendeza na haja za nyumbani zipo, ada ya watoto ipo, na wewe unaambiwa usivune yote. Tenga sehemu moja kati ya tano ya mwani ulio bora, uihesabu kuwa haiuzwi. Igawe mafungu matatu: moja libaki kwenye sehemu ya chini kabisa ya shamba lako, la pili lipelekwe karibu na mlango wa maji, pale bahari inapoingilia na kutokea, ambako mkondo haulali, la tatu liende kilindini. Hakuna anayeweza kukuhakikishia ni lipi litapona mwaka huu. Kuna kaskazi ambayo mlangoni panapona na kilindini samaki wanamaliza. Kugawa ndiko kunakoleta usalama.

Kisha, mpaka Machi iishe, kata upya kila mabamvu mawili, usingoje matatu. Mwani mkubwa hujifunika wenyewe, katikati yake maji hayapiti, na hapo ndipo joto na vijidudu hukaa. Ukiukata kila wiki nne unabaki mdogo na mgumu. Utakuwa na kazi nyingi na mapato karibu hakuna. Hivyo ndivyo ilivyo, na ni bora ujue kabla. Kwenye pwani yetu wanaovuka vizuri ni wale walioweka akiba ya mauzo ya Agosti na Septemba, au walio kwenye vikundi vinavyosaga mwani wakatengeneza sabuni, kama wanavyofanya akina mama wa Kidoti na Bweleo. Kilo moja ya unga wa mwani kwenye sabuni huleta pesa zaidi kuliko kilo moja ya guniani, na sabuni haijali kaskazi.

Kilindini kuna njia mbili zilizothibitika hapa kwetu. Ya kwanza ni kamba zinazoelea: kamba nene mbili zilizotiwa nanga ncha zote, kamba za mwani zikakazwa kati yake, na maboya kila baada ya mita chache. Chupa za plastiki za lita moja na nusu zilizofungwa vizuri hufanya kazi ya boya. Mwani unakaa kama nusu mita chini ya uso wa maji, haukauki kamwe, na chini yake maji yanapita. Nanga ziwe nzito. Magunia ya mchanga hupasuka ndani ya miezi michache. Mawe yaliyofungwa kwa kamba nene au zege la kumwaga kwenye ndoo hudumu. Ya pili ni nyavu za mrija, ambazo watafiti wakiongozwa na Dk. Flower Msuya walizijaribu pamoja na wakulima wa Zanzibar. Mbegu hazifungwi moja moja, hutiwa ndani ya wavu mrefu mwembamba, matawi yakatokea kwenye matundu. Faida yake ni kwamba tawi likikatika halipotei, na mwani mnene, ambao hukatika sana, umepata nafasi ya kurudi kwa njia hii.

Njia zote mbili zinataka chombo na zinataka kuogelea. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wengi wao walikua wakifanya kazi ya maji yanayotoka, hawakufundishwa kuogelea. Asiende mtu kilindini kwa kuwa jirani amekwenda. Jifunze kwanza, vaeni jaketi za kuokolea, mwende watu wasiopungua watatu, na mmoja abaki chomboni siku zote. Gharama ya ngalawa, nanga na kamba nene ni nzito kwa mtu mmoja, hivyo ingieni kwa kikundi, na kabla ya kununua chochote kubalianeni kwa maandishi ni nani atakagua maboya kila wiki. Boya moja likitoboka bila mtu kuliona, kamba inazama, na mwani wote wa upande ule unakaa chini unaliwa.

Masika huja na taabu nyingine. Mvua kubwa ikinyesha maji yakiwa yametoka, maji matamu yanakaa juu ya yale machache ya chumvi, na mwani uliojitokeza juu unaugua kwa asubuhi moja. Mwezi wa Aprili shusha kamba za shamba la juu ziwe sentimita 15 kutoka mchangani, lakini zisiguse. Pwani nako, mwani unaokauka uwe juu ya chanja, usianikwe chini, na turubali liwe karibu na mkono. Mwani ulionyeshewa hupauka, chumvi na ute huondoka, na mnunuzi atakukatia bei au ataukataa. Jua kali likiwepo, siku mbili mpaka tatu zinatosha. Umekauka ukiwa unakunjika kama mpira bila kuvunjika na chumvi nyeupe imejitokeza juu. Upukute chumvi na mchanga kabla ya kutia guniani. Uliovunwa kabla ya wiki sita una ute dhaifu, na wanaojua hulitambua hilo.

Kusi inapoingia, katikati ya Mei hivi, ndipo mbegu uliyoilinda inapofanya kazi. Hapo watu hukosea kwa kutaka kamba 100 siku moja, wakagawa mbegu ndogo ndogo za gramu 30 ili zienee. Mbegu ndogo huchukua wiki nyingi kushika, na samaki huimaliza. Fanya hivi. Ukiwa na kilo 20, funga kamba 8 tu, gramu 100 kamili kila fungu, mahali pako bora kuliko pote. Mwanzoni mwa Julai, baada ya mabamvu matatu, ukipata mara tano utakuwa na kilo 96. Usikaushe hata kilo moja. Funga kamba 40. Katikati ya Agosti kamba hizo zitakupa kilo 480: kilo 240 zinajaza kamba 100, na kilo 240 zilizobaki ndizo unazoweka chanjani, zikupe kilo 30 kavu. Ukiwa umefika Mei huna mbegu kabisa, ombeni kwa kijiji kilichopona au mnunue kutoka Pemba, msafirishe usiku kwa magunia yaliyolowa maji ya bahari, na mfunge alfajiri ya bamvu. Anayekupa mbegu andika kilo zake, kwa sababu kaskazi nyingine huenda yeye ndiye atakayekuja kuomba, na mbegu hulipwa kwa mbegu.